Mayai ya Shekigenda na Kipete cha Mpira

Mtu mmoja katika milima ya Usambara alikuwa na baiskeli iliyokunja kiuno. Ndivyo ilivyoundwa: fremu yake ina maungio katikati, na chini ya kiti kuna shokapu ya upepo, ili gurudumu la nyuma likiparamia jiwe, mpandaji asirushwe. Aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, akadhani amemaliza matatizo ya dunia. Mtu huyo aliitwa Shekigenda, naye alikuwa amefika umri ule ambao mkanda hufungwa chini ya tumbo na mtu hulaumu suruali.

Kila Alhamisi alibeba trei sita za mayai ya mkewe katika kasha mgongoni, akateremka nazo hadi bondeni, jikoni kwa masista. Hakukuwa na mnunuzi mwingine wa kuyachukua yote. Na kuku wale mkewe aliwalea tangu vifaranga, akipigana na vicheche na mwewe. Lakini Shekigenda akifika tu kwenye mawe ya kona ya tatu, shokapu iligonga mwisho, kong! Kisha ilimrusha kama punda aliyechokozwa, na nusu ya mayai ikafika jikoni imekwisha kukorogwa.

Akaenda kwa fundi Singano. Sasa sikilizeni alivyokwenda. Kwao, kumpelekea fundi baiskeli yenye tope ni sawa na kwenda kwa daktari hujaoga. Basi akapita kijitoni kwanza, akaisugua hata ikang'aa. Kwenye kile chuma laini cha shokapu, kinachoingia na kutoka, kuna kipete chembamba cha mpira. Shokapu ikizama hukisukuma, ikirudi hukiacha palepale, ili kionyeshe ilizama kiasi gani. Shekigenda alikikuta kimekwenda kukaa ukingoni kabisa. Akaona ni fujo nyingine tu ya safari. Akakifuta, akakirudisha mahali pake kwa kidole, kama mtu anayenyoosha kola.

Kasha akaliacha mlangoni, maana si adabu kuingia kwa watu na mizigo. Fundi alipomwuliza uzito wake, alijibu, "Sabini," na kweli ulikuwa sabini, mwaka ule alipoposa. Fundi akamwambia apande, ainue miguu yote miwili. Akapanda, lakini ncha ya kiatu cha kushoto, upande ambao fundi hakuwapo, ikabaki chini. Alichelea kuanguka mbele ya watu. Singano akainama, akaona kipete kimesogea robo ya njia kama inavyotakiwa, akasema iko sawa.

Alhamisi iliyofuata, kong! Safari hii sista mpishi alisema yakivunjika tena watanunua kwingine. Mkewe alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuku wangu hawatagi uji, Baba Mkunde," akaingia ndani.

Shekigenda akarudi kwa Singano amefura: baiskeli imeoshwa, kasha mlangoni, kiatu chini. Singano akatia upepo, akatoa upepo, akageuza kiskrubu chekundu kinachoamua shokapu irudi kwa kasi gani, akakirudisha kilipokuwa. Kila akipima, iko sawa. Jasho likamtoka, akaanza kusonya. Shekigenda akalaumu pampu, akalaumu mawe, akawalaumu waliounda chombo kile kwamba hawajapata kuona mlima. Alimlaumu fundi pia, ila hilo alilisema akiwa peke yake njiani.

Alhamisi ya tatu hakufika hata kwenye kona. Kwenye kalvati, hatua chache juu ya karakana ya Singano, shokapu iligonga, ikamtupa mtaroni, na trei mbili zikapasuka zikamtiririkia shingoni. Muda wa kwenda kijitoni haukuwapo. Masista hawakupokea kitu baada ya saa tano. Akaingia karakanani vivyo hivyo, ute shingoni, tope magotini, kasha mgongoni, akaanza kufoka. Singano akainama. Alikuwa anakitazama kipete. Kilikuwa kimejibana mwisho wa chuma, haikubaki nafasi hata ya ukucha.

"Mzee Shekigenda," akasema, "siku zote nimemjazia upepo yule mtu uliyenionyesha. Huyu anayeanguka, ndiyo kwanza namwona."

Shekigenda akashika usukani. Kisha akapanda, kasha mgongoni, mbele ya wateja wanne na mama muuza maandazi. Akainua kiatu cha kulia. Kile cha kushoto kilichukua muda. Kilipotoka chini, baiskeli ikazama kwa mguno, na mama wa maandazi akasema, "Lo!" Ilibidi Singano amshike bega asianguke. Akapiga pampu, akapima, akapiga tena, akapima, hata kipete kikatulia robo ya njia, huku yule mtu akiwa juu yake mzima mzima, na tumbo lake, na mayai yake.

Akateremka. Mawe ya kona ya tatu yalikuwa yaleyale, hakuna aliyeyaondoa. Trei nne zikafika nzima. Sista akayatazama mayai moja moja, hakuona ufa, akauliza trei mbili nyingine ziko wapi. Shekigenda akageuka, akamwonyesha shingo.

Nasi tunaojiosha kwanza ndipo twende kwa Yule tunayemwomba atuinue, tukaacha mizigo mlangoni, kisha tukarudi njiani tukinung'unika: upepo wake haujapata kupungua. Hiyo ncha ya kiatu tutaiinua lini?