Kidato cha Chini

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika alfajiri, na jua lilikuwa limekwisha anza kuikausha chokaa. Chokaa hiyo, wapendwa, msiisahau.

Alikuwapo mwashi mmoja katika kijiji kipya cha watu waliotoka utumwani. Jumamosi binti yake angeolewa, nayo ingekuwa ndoa ya kwanza ambayo hapana bwana aliyeombwa ruhusa. Kwa hiyo mwashi alikuwa akijenga, mbele ya nyumba yake, baraza ya kuwakalisha wageni wote. Kwa miaka ishirini alikuwa amewajengea mabwana baraza zao, na mikono yake iliijua kazi hiyo hata pasipo kuuliza akili. Kwanza aliangusha timazi kupima wima. Kisha akajenga kidato cha juu, ngazi ya kukalia, kimo cha dhiraa moja. Mwisho, mbele yake, akajenga kidato cha chini, nusu dhiraa.

Bibi mmoja aliyekuwa akikoroga chokaa akainua kichwa.

"Baba bibi harusi, hicho cha chini cha nani?"

"Cha watumwa, bibi," akajibu bila kugeuka.

"Alaa! Mwite basi huyo mtumwa nimpe maji. Jua lote hili!"

Mwiko ukasimama hewani. Mwashi akatazama kulia, akatazama kushoto. Je, alimwona nani? Hakuona ila watu huru watupu, naye akiwa mmoja wao. Vicheko vikalipuka. Mwashi mwenyewe alicheka hata akaketi. Na aliketi wapi, wapendwa? Juu ya kidato kilekile cha chini!

"Haya, tumempata!" akasema bibi, na vicheko vikaanza upya.

"Lakini msikivunje," akasema mjomba wa bwana harusi. "Wapo wale waliofika juzi kutoka bara. Hata salamu zetu hawajazijua. Si watakaa hapo?"

Sasa hakucheka mtu. Neno lile lilikuwa na sura ya busara, na chokaa ilikuwa inashika. Mwashi aliiona harusi ya mwanawe kana kwamba imekwisha fika: wageni juu, na chini yao nyuso zinazotazamana na vidole vya miguu ya wenzao. Alizijua nyuso hizo. Kwa miaka ishirini mojawapo ilikuwa yake.

"Mjomba, wewe ulifika hapa lini?" bibi akauliza kwa upole.

"Mwezi wa tatu."

"Na huu ni wa kumi na moja. Miezi minane tu, umekwisha kuwa mwinyi!"

Mwashi akanyanyuka, akashika nyundo. Akakibomoa kidato cha chini kabla chokaa haijashika, na kwa mawe yaleyale akakirefusha kile cha juu, kutoka dhiraa kumi hadi kumi na tano. Jumamosi, mjomba alikaa amebanwa katikati ya wageni wawili wa bara, wakimfundisha wimbo wao, naye akikosea kila neno, hata bibi harusi akasikika akicheka ndani ya shela.

Wapendwa, historia ya utumwa ni ndefu. Farao alikuwa na watumwa. Warumi walikuwa nao. Mashamba ya ng'ambo yalikuwa nao, na ya pwani yetu pia. Na zilikuwapo koo zetu wenyewe zilizomtoa mtoto wa mtu kufidia deni. Minyororo ilitofautiana, lakini kila mahali palikuwa na kidato cha chini. Na ni mara ngapi kimejengwa upya na yuleyule aliyetoka kukikalia?

Sisi je? Tumekombolewa, tunaimba, tunapiga vigelegele. Lakini binti anayetupikia nyumbani hula wapi? Tunasema, "Amezoea jikoni." Mwashi naye alikuwa amezoea.

Msitazamane, nitazameni mimi. Jana nilihesabu nyumbani kwangu: watu sita, viti vya mezani vitano. Namshukuru Mungu, chokaa ilikuwa ingali mbichi. Leo asubuhi, kabla ya ibada, tumekunywa chai mezani sote, kwa kelele na vicheko, na binti yule ametushinda kwa hadithi. Tulipoinuka nikavihesabu tena viti, kimoja kimoja: sita.