Tone Jeupe Chini ya Tumbo

Mtu mmoja alikuwa na makopo mawili ya rangi, nyekundu na nyeupe. Wafugaji walimchagua akague ng'ombe wao kabla ya kuingia mnadani. Ng'ombe mgonjwa alimpaka nyekundu mgongoni, mstari mpana, aonekane toka mbali. Akigundua kwamba alikosea, alimtia tone la nyeupe chini ya tumbo. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe na akajivunia sana, akisema yeye ni mkaguzi anayekiri makosa yake.

Mama Mwaja wa bondeni alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba yake nzima ilikula kwa ng'ombe huyo. Siku moja ng'ombe alikohoa kwa vumbi la njiani. Mkaguzi hakumgusa hata pua. Alichovya brashi, akapaka. Kesho yake wanunuzi wa maziwa hawakutokea, na majirani wakamkataza kunywesha lamboni pamoja nao.

Wiki ya tatu mkaguzi alikuja kumpima ng'ombe yule sawasawa, akamkuta mzima kabisa. Akainama, akatia tone lake, akanawa mikono. Ile nyekundu hakuifuta.

Mama Mwaja akamwambia, "Baba, nyekundu uliipaka mgongoni. Nakuomba, na hiyo nyeupe ipake hapo hapo."

Mkaguzi akachukia. Alisema kosa amekwisha kulisahihisha, na mwenye shaka ainame aone.

Nani ainame chini ya ng'ombe wa mwenzake kutafuta tone la rangi? Njaa ilipozidi, Mama Mwaja alimchinja ng'ombe wake. Ng'ombe alipogeuzwa chali ili achunwe, ndipo watu wote walipoliona lile tone. Wakasikitika, wakaenda zao, na nyama hawakuinunua.

Mwaka ule ng'ombe tisa walitiwa tone jeupe, na wote tisa walikuwa wa bondeni. Mkaguzi alikuwa mtu wa mlimani. Ng'ombe wa mlimani nao walikohoa, wakapita mnadani bila kuguswa na brashi. Hilo linanitia hasira kuliko kosa lenyewe.

Nawe mwenye gazeti, uliyemwita mtu mwizi ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kama kiganja, kisha ukamtaka radhi ukurasa wa ishirini, chini ya matangazo ya zabuni: unatutaka tukuamini kwa kuwa unakiri makosa. Mbona basi makosa yako yote huwaangukia watu wa bondeni?