Kisutu Juu ya Ngoma

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Julai, saa tisa na dakika kumi alasiri, Zuwena alipojifungia katika choo cha nyumba yake mwenyewe na kufungulia bomba ili mumewe adhani anaoga. Hakuwa anaoga. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zote mwilini, akihesabu vigae vya ukutani. Vilikuwa sabini na viwili.

Sogeeni basi, mlio na wenzenu na mnaotaraji kuwa nao. Hadithi hii ina watu watatu wenye vipawa vitatu, na nguo moja. Kuisimulia ni kazi yangu, kuimaliza ni yenu.

Wa kwanza ni Bi Kidawa, somo wa Zuwena, yaani yule mwanamke aliyemfunda kabla ya ndoa. Kipawa chake kilikuwa mikononi: kusinga, kufukiza, kujua msuli gani umejikunja na kwa nini. Wa pili ni nesi Kolumba wa zahanati ya mtaani. Yeye aliweza kutaja kiungo chochote cha mwili bila kuinamisha macho, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wa tatu ni Mbaruku, mume, fundi wa ngoma na mpigaji wake. Kipawa chake kilikuwa masikio. Aliigonga ngozi kwa kidole kimoja tu akajua imekaza au imelegea.

Nguo ni kisutu, ile kanga ya bibi harusi. Kwao Zuwena, mwari hupewa kisutu kimoja asichokivaa. Hukiweka sandukuni mpaka siku atakapoweza kusema kwa moyo wake kwamba chumba chake kina furaha, kisha humpelekea aliyemfikisha hapo. Hakikatwi wala hakigawanywi, na vipande vyake viwili ni vya mtu mmoja. Kwa kawaida hupewa somo, siku ya nane baada ya harusi.

Zuwena alikuwa ameolewa miezi minane.

Mbaruku hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Zuwena kuliko yote. Alileta samaki, aliteka maji, alimchekesha hadi chai ikampalia. Lakini kitandani alikuwa kama mtu anayewahi treni. Shati, taa, basi. Dakika nne, Zuwena alizihesabu. Ziliuma kama chumvi kwenye mkwaruzo, naye alifumba macho na mdomo kama alivyofundwa, akingoja ziishe. Mbaruku alidhani kimya kile ni raha. Zuwena alidhani ameumbwa na kasoro. Na chini ya kitanda alikuwa ameficha mkoba wenye magauni matatu. Jumatatu inayofuata angekwenda Pangani kwa shangazi yake, asirudi.

Bi Kidawa alifika Jumatano, saa nne asubuhi, akivuta mguu wake wenye baridi yabisi, na uso haukuwa mzuri.

"Nimetoka msibani," alisema hata kabla ya kuketi. "Wanawake wananicheka. Ati, somo, kisutu chako kimeliwa na panya? Miezi minane, Zuwena! Nimekukosea nini mwanangu?"

Zuwena alifungua mdomo amwombe radhi, akatokwa na kilio badala yake. Akalia mpaka akapata kwikwi. Bi Kidawa akaziacha hasira zake palepale, akamlaza, akaanza kumsinga mgongo kwa mafuta ya nazi. Mikono ikapita mabegani, ikashuka kiunoni, ikasimama.

"Hapa pamefungwa kama ngumi," alisema. "Anakupiga?"

"Hapana, Somo."

"Basi anakuharakisha."

Zuwena akaficha uso kwenye mto.

"Nilikufunda nusu," Bi Kidawa alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikufunda kumsinga yeye, kumfukizia yeye. Wewe nikakwambia mwari mwenye adabu hasemi. Nami nilifundwa hivyohivyo, na marehemu mume wangu, Bwana Sudi, aliishi nami miaka thelathini bila kujua napenda kushikwa wapi. Sasa sikia. Nakupa neno moja: *bado*. Akiharakisha, mwambie bado. Halafu mshike mkono, umwonyeshe. Mdomo nimeufunga mimi, na leo naufungua mimi. Lakini hayo maumivu kapimwe kwanza. Yapo mengine si kazi ya somo."

Nesi Kolumba alimpokea Alhamisi. Alimpima taratibu, akamweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya, kisha akavua glavu na kuvuta kiti karibu.

"Huna ugonjwa, dada. Huna kasoro."

"Mbona naumia?"

"Kwa sababu mwili unaingiliwa kabla haujawa tayari. Ukibusiwa, ukishikwashikwa, ukisemeshwa vizuri, damu inashuka, ute unatoka, misuli inalegea. Pasipo hayo hata mwenye afya kama yako ataumia. Na akishaumia anaogopa, na akiogopa anakaza zaidi."

"Inachukua dakika ngapi?" Zuwena aliuliza. Alikuwa ametoa kalamu.

Kolumba akacheka. "Weka kalamu, dada. Si dakika za saa hizo. Ni mpaka mwili uitike. Mwenzio anajua haya?"

"Nani amwambie?"

"Mlete Jumamosi."

"Jumamosi si siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo. Nitafua Jumapili."

Kweli, Jumamosi saa nne walikuja wote wawili, Mbaruku ameishika kofia mikononi kama mtuhumiwa. Kolumba alimwambia yaleyale aliyomwambia mkewe, kwa maneno yaleyale, bila kupunguza wala kulaumu. Jasho lilimtoka Mbaruku penye sikio. Alipouliza, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuumiza?" Kolumba alimtazama machoni na kusema, "Ndiyo, kaka. Kwa kutojua. Sasa umejua."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Zuwena alihesabu nguzo za umeme, kumi na tisa, akingoja zogo. Wanaume wengine mngeyasikia matusi yao kutoka mtaa wa pili: mke amenianika kwa nesi, mke amenivunjia heshima. Mbaruku aliketi uani, akaitazama ngoma aliyokuwa akiiwamba, akaigonga kwa kidole.

"Ngoma siipigi mpaka niipashe," alisema. "Nakoka makuti, naizungusha, naisikiliza. Nusu saa nzima, watu wananizomea harusini, sijali."

"Mimi si ngoma, Mbaruku."

"Najua. Ngoma ikiwa baridi inaniambia. Wewe hukuniambia."

"Nilifundwa kunyamaza."

"Nami hakuna aliyenifunda chochote." Akasugua uso kwa viganja. "Lakini nina masikio, Zuwena. Ningeweza kuuliza. Miezi minane sikuuliza. Nisamehe."

Jumapili mvua ilinyesha tangu adhuhuri, na harusi aliyokuwa aende kupiga ngoma ikaahirishwa. Saa tisa kasoro Mbaruku alimkuta mkewe amekaa kwenye mkeka akifumua nywele. Akaketi nyuma yake.

"Nikusaidie?"

"Utaweza?"

"Nifundishe."

Ilikuwa misuko kumi na minane. Aliifumua mmojammoja, vidole vinene vya fundi vikikosea na kuomba radhi, na kila alipomaliza mmoja alimpapasa pale ulipokuwa umevuta ngozi. Walizungumza mambo ya kipuuzi: jirani aliyeangukia mtaroni, jogoo asiyejua alfajiri. Msuko wa tisa alimbusu shingoni. Wa kumi na mbili Zuwena aliegemea kifuani pake bila kukusudia. Mabega, yaliyozoea kupanda yakimsikia anakuja, yalikuwa yameshuka yenyewe.

Mkono wa Mbaruku ukaanza ile haraka yake ya zamani. Zuwena akavuta pumzi. Neno lilikuwa jepesi, lakini alilinyanyua kama gunia.

"Bado."

Mkono ukasimama. Hakununa, hakuuliza kwa nini. Akarudi kwenye nywele.

Baadaye aliinamia sikio lake. "Bado?"

"Bado."

"Bado?"

"Wee! Subiri!" na wote wawili wakaangua kicheko, kicheko kirefu cha kulaliana mabegani, ambacho chumba kile hakikuwa kimepata kukisikia. Zuwena akaushika mkono wa mumewe, akauweka anapopenda kushikwa. Mbaruku akasikiliza, kama anavyosikiliza ngozi. Akauliza mara ya tatu, na safari hii Zuwena hakusema bado. Alimgeukia mwenyewe.

Mengine ni yao. Ninyi jueni tu kwamba haikuuma, na kwamba mvua ilipokatika Zuwena alikuwa amelala kwenye mkono wa mumewe, nywele zimetapakaa kila upande, akijiuliza ilikuwa saa ngapi. Hakujua. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alikuwa amesahau kuhesabu.

Jumatatu, siku ile ya Pangani, aliamka saa kumi na mbili na nusu. Akautoa mkoba chini ya kitanda, akayatundika magauni yote matatu. Kisha akafungua sanduku, akakitoa kisutu, akakipiga pasi ya mkaa pindo kwa pindo, akatoka nacho mlangoni.

Kushoto ilikuwa nyumba ya Bi Kidawa, aliyekiri kosa lake kwa mdomo wake na kumpa neno. Lakini si ndiye aliyemnyima neno hilo tangu mwanzo? Kulia ilikuwa zahanati, kwa Kolumba aliyemtoa hofu na kumfungua macho mume. Lakini je, si angefanya hivyo kwa yeyote aliyeingia mlangoni kwake? Na nyuma yake, uani, Mbaruku alikuwa akikoka makuti, mtu aliyeambiwa ukweli mchungu akaumeza, akangoja alipoambiwa angoje. Lakini mume hutuzwa kwa kuacha kumuumiza mkewe? Halafu likamjia wazo lililomfanya ashike mwimo wa mlango: na yeye je, aliyelinyanyua lile neno?

Alisimama pale mpaka jua likagusa ngazi. Kisha akarudi uani, akakikunja kisutu mara nne, akakiweka juu ya ngoma, akaketi karibu na moto bega kwa bega na mumewe.

Kipo palepale hadi sasa, na ngoma haiwezi kupigwa kabla hakijaondolewa. Haya, ninyi mliosikia yote: ninyi mngekipeleka kwa nani?