Kinu Hakina Mnyapara

"Kinu hakina mnyapara." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia kaka yenu asubuhi, alipojipa kazi ya kuwasimamia wenzake wakipukuchua mahindi. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye harusi yangu, basi kaeni niwaeleze.

Siku hizo kwetu Handeni hapakuwa na mashine ya kukoboa. Mpunga wa harusi ulitwangwa na majirani, wanawake watatu kwa kila kinu, michi ikipokezana. Wakwe walikuwa wanafika adhuhuri, na kama wangekuta wali haujaiva, mama yangu Bi Semeni angesemwa maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimewekwa ndani kama ilivyo ada ya bibi harusi, nikisikiliza michi tu: pu, pu, pu, bila kukosea.

Mjomba Shekigenda, kaka yake mama, alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge, na hata harusini alikuja na firimbi yake. Akawakuta wanawake wanatwanga huku wanapiga soga, hakuna anayemwamrisha mwenzake. Roho yake haikutulia. Akatangaza kwamba kila mchi utashuka kwa firimbi.

Mlio ule ukavurugika. Wanawake waliacha kusikilizana, wakawa wanamtazama yeye mdomo. Michi ikagongana, mmoja wao, Somoe, akaumia kidole, na kinu kimoja kikapinduka, mpunga ukamwagika mchangani. Jua nalo linapanda. Nililia mle chumbani, sioni haya kusema.

Mama akatoka jikoni, akauchukua mchi wa Somoe.

"Kaka, kabla hujaja nani alikuwa anawapa zamu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nikawasaidia."

"Basi wasaidie vizuri. Shika hapa."

Hakuweza kumkatalia dada yake mbele ya watu. Akasimama na Mwajabu na Zaina, wenzake Somoe, kwenye kinu chao. Mwanzoni alipuliza firimbi huku anainua mchi, akapaliwa, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaitoa mdomoni, akatwanga kimya. Baada ya muda mchi wake ukaanza kushuka pale wenzake walipoacha nafasi. Huku ndani nikasikia tena pu, pu, pu, nikafuta machozi.

Mpunga ulipokwisha, mjomba akauliza huku jasho linamtiririka, "Nani alikuwa anaongoza?"

"Mimi sijui, mjomba. Nilikuwa namsikiliza Zaina," akasema Mwajabu.

"Nami nilikuwa nakusikiliza wewe, mjomba," akasema Zaina.

Mjomba akacheka peke yake, kwa sababu yeye alikuwa anamsikiliza Mwajabu.

Wakwe walikuta wali umeiva, wakala wakashiba, wakaongezwa. Mjomba alipoombwa awape wageni neno, alisimama na viganja vyake vilivyojaa malengelenge, akasema maneno matatu tu, akaketi kumalizia sahani yake:

"Kinu hakina mnyapara."