Nyati na Mstari Usiokiukwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bwawa, na kiu, na mwenye pembe!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, nikianza sisimami.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na wanyama wote wakanywa hapo. Siku moja akaja Nyati. Akanywa gubu, gubu, gubu, akashiba, akayatazama maji yaliyobaki. Akaona uchungu kugawana. Akainamisha kichwa, akachora mstari kwa pembe, kwaruuu, akalizungushia bwawa lote. Kisha akasimama ndani, kwenye tope.

"Sikilizeni! Marufuku kukiuka mstari huu! Atakayeukiuka, maji haya hatayaonja tena maishani. Awe nani, awe mama yangu mzazi! Naapa kwa pembe zangu: nikipindisha, na zidondoke!"

Kiapo cha pembe si mchezo. Wote wakarudi nyuma ya mstari.

Mama Digidigi alikuwa na mtoto wa siku tatu, ulimi umemkauka. Akapiga magoti.

"Bwana Nyati, tone moja tu la mtoto."

"Sheria ni sheria!"

Mara udongo ukatifuka nje ya mstari, pukuchu, pukuchu. Akachomoza Fuko, kadogo kama ngumi, macho yenyewe hayaoni vizuri.

"Shikamoo, Bwana mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini, we kidonge cha udongo?"

"Nataka kutii sheria. Ila hilo neno *kukiuka* halijaniingia. Mtu akiruka mstari kwa juu, amekiuka?"

"Amekiuka!" Nyati akapiga kwato, ndi!

"Akipita chini yake, kama sisi wachimbaji?"

"Amekiuka!" Ndi!

"Akiukanyaga kwa bahati mbaya?"

"Amekiuka!" Ndi!

"Akiingia kinyumenyume?"

"Amekiuka! Kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu, amekiuka!" Ndi! Ndi!

"Na akitoka, Bwana? Yule aliye ndani akitoka nje?"

Nyati alikuwa amekwisha kupandwa na hasira, hata hakungoja swali liishe.

"Kuingia, kutoka, yote ni kukiuka! Umeelewa sasa?"

"Nimeelewa, Bwana. Ahsante kwa somo."

Fuko akakaa pembeni. Mama Digidigi ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu Pundamilia. Halafu wote, kwa kuwa wote waliyaona majani: yalikuwa kilimani, nje ya mstari. Ndani palikuwa na maji na tope, basi.

Jua likapanda. Tumbo la Nyati likasema nguruu. Akainua mguu wa mbele, akakumbuka pembe zake nzuri, akaurudisha. Tumbo likasema nguruu, nguruu. Akainua mguu mwingine, akaurudisha. Akanywa maji ili alidanganye tumbo. Tumbo halikudanganyika.

Adhuhuri ilipofika, sauti yake ilikuwa imekuwa laini.

"Fuko, ndugu yangu... nifanyeje?"

"Ukikiuka, utakosa maji. Ukipindisha, utakosa pembe. Lakini, Bwana, mstari usiokuwepo utakiukwaje?"

Nyati akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda. Kisha akaanza kuufuta mstari kwa kwato zake mwenyewe, fwasha, fwasha, huku wote wakimtazama, mpaka hapakubaki hata alama. Akapanda kilimani bila kumtazama mtu, akala majani kama aliyetumwa.

Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mama yake akamchotea Fuko maji kwenye jani, kwani Fuko aliogopa kuzama.

Basi, watoto, funzo ni hili: mkubwa akisema neno, usimuulize maana yake. Kuuliza maana ni utovu wa adabu, na tena kunaharibu sheria nzuri kabisa. Mimi niliwahi kuuliza, nikachapwa.

Ngano nimeitua hapa. Iliyokolea ibebeni, iliyopwaya nirudishieni niishone upya.

Na wewe hapo nyuma, shusha mkono. Nimesema tusiulize!