Kibuyu cha Mama Pacha

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mashamba na wakwe, ilikuwa mwiko baba mkwe kutamka jina la mke wa mwanawe. Alimpa jina la heshima, na Kasuku wa njia panda ndiye aliyeyahifadhi majina yote kichwani na kuwaelekeza wapelekaji.

Swala alikuwa na watoto pacha, mmoja mgonjwa wa kifua. Kila asubuhi baba mkwe wake alimpa Njiwa kibuyu cha dawa yenye asali ampelekee. Siku tatu hakikufika. Mtoto alikohoa, kho! kho!, mpaka akakosa nguvu ya kunyonya.

Wanyama wakakusanyika uani kwa Swala. "Njiwa anakunywa njiani!" Fisi alinguruma. "Afukuzwe leo leo!"

"Mimi, mjomba?" Njiwa alilia. "Nakiacha penye mawe mekundu, ninapoelekezwa na Kasuku!"

"Mwongo! Nani anakaa maweni?"

Kindi, mdogo kuliko wote, alirukia kinu. "Subirini. Njiwa, unatumwa kwa nani?"

"Kwa Nuru ya Bondeni."

Kindi huyooo, mbio hadi njia panda. "Shikamoo, bibi. Nuru ya Bondeni ni nani?"

"Marahaba. Ni Mama Pacha," alijibu Kasuku.

Mwingine angerudi hapo, maana kila mtu alijua Mama Pacha ni Swala. Kindi hakurudi.

"Na Mama Pacha anakaa wapi?"

"Mawe mekundu. Kahama juzi."

"Nani kakwambia?"

"Fisi. Kaniletea na embe."

"Ahaa! Usibadilishe kitu kwanza, bibi."

Kindi akarudi, akajaza siafu kwenye kibuyu kwa siri, akapaka asali kwenye mdomo wa kibuyu hicho, akamkabidhi Njiwa mbele ya watu wote. "Kwa Nuru ya Bondeni!"

Njiwa akaruka, puruu! Fisi akajikuna. "Jamani, nimeacha chungu motoni," akasema, akaondoka haraka.

Wakamfuata kimyakimya. Mara, kutoka nyuma ya mawe mekundu:

"Uwiii! Ulimi wangu! Nakufa!"

Fisi akachomoka, siafu wamemganda puani.

"Pole, Mama Pacha," Kindi alimwambia kwa adabu. "Pacha hawajambo?"

Siku hiyo hiyo Kasuku alirudisha maelekezo ya zamani, na dawa ikafika kwa Swala kabla ya jua kuzama.

Basi, wanangu, kitu kikipotea, fuateni jina moja baada ya jingine mpaka mlangoni, ndipo mseme nani mwizi.