Mpishi Aliyeungua Ulimi

Alikuwapo mpishi mmoja wa shughuli, mama wa kujiamini kwelikweli. Harusi isiyopikwa na yeye watu walisema haikufana. Na wapishi hawa mnawajua: hawalambi upawa. Mchuzi hudondoshwa kiganjani kwanza, ukipoa ndipo unaonjwa.

Sasa siku ya kumwoza binti yake mwenyewe, wakwe wameshakaa jamvini, haraka ikampanda kichwani. Akachota mchuzi unaotokota, akautia mdomoni moja kwa moja. Machozi yakamtoka, akanyamaza. Mpishi mzima aseme ameungua? Akaonja tena. Maji matupu.

"Leteni chumvi!"

Wifi yake, aliyekuwa akikoroga, akadondosha kidogo kiganjani, akaonja. "Wifi, imekolea hii. Ukiongeza tutaumbuka."

"Nimeanza kupikia watu kabla kaka yangu hajakuoa. Leo unifundishe chumvi?" Akatia konzi, akaonja, akatia nyingine.

Jamani, ulimi ni nini? Mwenyezi Mungu ameupanga kwa vijumba vidogo vya kuonjea. Mchuzi ukivigusa, vinapeleka habari kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaosema: hii chumvi, hii ndimu, hii sukari. Vikiungua, ubongo unangoja habari zisizofika. Je, mama yule alijua hivyo? Alijua kulaumu sufuria tu.

Chakula kikatoka. Baba mkwe akameza tonge moja, akaomba maji. Wa pembeni yake naye maji. Sahani zikarudi jikoni zimejaa, na mpishi akawaka: "Watu gani hawa wasiojua kula!"

Wifi hakubishana. Akampa asali kidoleni. "Lamba. Unasikia nini?"

Mama akalamba. Akalamba tena. Kisha akakaa chini kando ya jiko, akalia kwa uchungu, maana binti yake alikuwa anaingia ukweni na aibu aliyopikiwa na mama yake mzazi.

Ndugu zangu, ulimi ulioungua hausemi "nimeungua." Unasema mchuzi hauna chumvi. Na sisi je? Uongo wa kwanza ulituchoma moyo, tukanyamaza. Wa pili haukuchoma sana. Leo tunasema ibada imepooza, mke hana jema, watoto hawana adabu, na kila tunachokigusa tunakimwagia konzi nyingine ya ukali. Nani kati yetu ameuliza kama ni yeye aliyeungua?

Habari njema ni kwamba ulimi hupona. Aliyeuumba ameujalia kuota upya, na moyo pia anajua kuuponya, hilo msiwe na shaka nalo. Lakini mpaka upone, utaendelea kupika, na watu watakula. Basi leo ukirudi nyumbani, yule unayemwambia kila siku "usinifundishe," mpe upawa aonje. Akikwambia imekolea, weka chumvi chini.